Redio ya Mzee Sponji

Asubuhi hiyo kitabu kilikatika mahali pabaya.

Misumari alikuwa amekaa mbele ya jiwe lake la kusagia, lenzi ya mteja mkononi, hedifoni kwenye sikio moja tu. Sikio la pili alikuwa amemwachia mama mwenye duka la miwani, ambaye hakupenda kumwita mtu mara mbili. Msimulizi alikuwa amefika patamu. Mchimba visima, baada ya kuchimba sura nzima kwenye kiwanja cha mwanamke aliyemkataa ujanani, alikuwa ametoka shimoni na vumbi mpaka kwenye kope. Mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama ukingoni, ameshika kikombe cha maji. Cha kumpa anywe? Cha kummwagia? Msimulizi akavuta pumzi, na hapohapo kukawa kimya.

Misumari akafuta mikono, akaitazama simu. Iliandika: Kitabu hiki sasa kinasikilizwa kwenye kifaa kingine.

"Kinasikilizwa na nani?" aliiuliza.

"Unasema na mimi?" mama mwenye duka aliitika kutoka mbele.

"Hapana, mama. Nasema na mwizi."

"Basi mwambie asiondoke na lenzi ya watu."

Vitabu vyake vya kusikiliza alikuwa amevinunua kimoja kimoja, kila alipopata chochote. Kazi ya kusaga lenzi inachukua macho na vidole, masikio inayaacha bila shughuli, naye hakupenda kiungo chake chochote kikae bure. Mwanzoni hakujua kwamba vitabu hivyo vina kufuli. Alijua siku alipotaka kukihamishia kimoja kwenye kile kichezeo kidogo cha muziki kinachobanwa kwenye ukosi wa nguo, ili asitembee na simu. Faili lilihama vizuri, bila ubishi, ila lilipofika kule likakataa kufunguka. Akajaribu kompyuta ya dukani. Ile ikaomba neno la siri, akaliweka, kitabu kikaanza kuongea, na papo hapo simu ikanyamaza. Akarudia tena na tena, kwa utaratibu, mpaka akaelewa mambo yalivyo: kitabu kinaweza kujulikana na vifaa kadhaa, mradi vyote viwe vya akaunti yake, lakini kinaongea kupitia kimoja tu kwa wakati. Hakukasirika. Mtu aliyekaa akasoma kitabu kizima kwa sauti, aliwaza, naye ana watoto wanaotaka kula.

Siku hizi, hata hivyo, palikuwa na mtu. Misumari alimgundua kwa nyayo. Aliacha kitabu kwenye sura fulani wakati wa chakula cha mchana, kesho yake asubuhi akakikuta kimesogea mbele, watu aliowaacha wanagombana wamekwisha kupatana. Ikambidi arudi nyuma kutafuta alipokuwa, akiziba sikio roho yake isisikie ya mbele. Lazima akubali kwamba mwizi huyo alikuwa na adabu. Asubuhi hakuingilia hata mara moja. Leo ndiyo alivuka mpaka, tena kwenye kikombe cha maji.

Wakati wa kupumzika Misumari alifungua mipangilio ya akaunti, akasoma mpaka chini, akakuta kitufe alichokuwa akikitafuta: Ondoa vifaa vyote. Simu ikamwonya kwamba kila kifaa kitadai neno la siri upya. Ndicho alichotaka. Akabonyeza. Akaweka neno la siri kwenye simu yake mwenyewe, akarudi kisimani. Mwanamke wa kitabuni alikinyanyua kikombe, akayanywa maji yote yeye mwenyewe, taratibu, akimtazama mchimbaji machoni.

"Aa!" alisema Misumari, akacheka peke yake. Alijisikia kama mtu aliyefagia nyumba mpaka uvunguni.

Alasiri akaja shangazi yake kuchukua miwani. Alikuwa dada wa baba yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuhutubia, na alikaa na kaka yake tangu mama yake Misumari alipofariki. Ndiye pia aliyebeba habari kati ya nyumba mbili, kwa kuwa Misumari na baba yake hawakuwa wakisemezana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe hiyo miwani niuone ulimwengu, ingawa leo hauna la kutazamwa. Nyumbani kuna msiba."

Misumari akasimama. "Msiba wa nani?"

"Redio ya baba yako imekufa."

"Shangazi! Umenitoa roho. Na baba hana redio."

"Anayo. Ile yenye kioo kilichopasuka, uliyoiacha droo ya chini pale karakana, pamoja na mikasi. Nilikuwa nafanya usafi ulipoondoka, nikaifuta, nikaichaji, nikabonyeza kile kipembetatu. Ikaongea! Lakini redio ile, mwanangu, sijaona. Haina matangazo ya sabuni, haina nyimbo. Ina mtangazaji mmoja tu, maskini, hana wa kumpokea, ila ana pumzi kama mvukuto wa mfua vyuma. Anasimulia mambo ya mtu anachimba kisima. Randa seremala siku hizi analeta fremu hata gundi haijakauka, apate tu kisingizio cha kukaa. Wateja wanajibwaga kwenye makochi ya watu wengine, hawaondoki."

Misumari alikuwa ameshika miwani ya shangazi yake bila kumpa. Aliiona ile tableti: ya zamani, ufa umekatiza kioo kutoka pembe hadi pembe. Aliisikilizia vitabu vyake vya kwanza, enzi akifanya kazi na baba, na intaneti ilitoka saluni ya jirani. Kumbe mtandao huo ilikuwa bado inaukumbuka.

"Imekufaje?" aliuliza polepole.

"Randa kaiua. Asubuhi baba yako hataki iguswe na mtu. Anaijaribu mwenyewe kidogo, anasema mtangazaji anapumzika, anaiweka chini. Sasa leo katoka nje kupima kitambaa, Randa uzalendo ukamshinda, akabonyeza. Ikaongea. Baada ya muda ikanyamaza, na tangu hapo inataka kuandikiwa kitu, hatujui kitu gani."

"Na baba anasemaje?"

"Angesema ningepona. Hasemi. Kamfokea Randa, akakaa, akaiweka magotini. Naondoka nimemwacha anaitazama tu. Chakula hakugusa. Kwa redio, mwanangu! Mbona mimi nikiumwa jino anakula?"

Baba yake alikuwa fundi wa kuvisha makochi, na mtaa mzima ulimwita Mzee Sponji. Misumari alikulia miguuni pake. Jina lenyewe alilipata kwa sababu tangu mdogo alishika vimisumari kati ya midomo kama baba, na aliweza kuongea, kucheka na hata kununa bila kumeza hata kimoja. Lakini mkono wake ulipenda kazi ndogo, ya jicho. Duka la miwani lilipotafuta mtu, akaenda. Siku alipomweleza, baba yake alikuwa na wateja, na aibu ya kuachwa mbele ya watu ilimfanya ajitutumue. "Nenda," alisema, "lakini jua kazi yangu inakaliwa na watu wazima, haining'inizwi puani." Naye Misumari, ambaye ulimi wake hajawahi kuukalia, akajibu, "Afadhali puani, baba, kuliko kwenye makalio." Wateja wakaangua kicheko. Baba yake hakucheka. Tangu hapo Misumari akawa anakwenda nyumbani saa ambazo mzee hayupo, na mzee akawa hayupo kwa uaminifu mkubwa.

Sasa alielewa alichofanya asubuhi. Kwa kidole kimoja alikuwa amemnyamazisha baba yake.

Kumrudishia lilikuwa jambo jepesi: angepiga simu karakana, amtajie Randa neno la siri herufi kwa herufi, basi. Alikwisha kuinua simu alipokumbuka neno lenyewe. Alilitunga wiki ile ile aliyoondoka, akiwa bado anafukuta. Lilikuwa BabaMkaidi, na tarakimu mbili mwishoni kwa usalama. Akaona picha nzima: Randa amesimama katikati ya karakana, wateja wamekaa, anarudia kwa sauti kila herufi.

"Mama," alimwambia mwenye duka, "naomba nitoke mapema leo. Redio ya baba yangu haijisikii vizuri."

"Ndiyo ugonjwa gani huo?"

"Ndiyo naenda kuuangalia."

Njiani shangazi aliongea, Misumari akaitikia. Walipita saluni, wakapita mfua vyuma aliyewapungia koleo, na kabla ya karakana kuonekana harufu yake ilikuwa imewapokea: gundi, kitambaa kipya, vumbi la sponji. Miguu ya Misumari ikapunguza mwendo yenyewe. Shangazi akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Mzee Sponji alikuwa amekaa kwenye kochi lililovuliwa nguo mpaka kwenye springi, tableti magotini. Alikuwa mwembamba kuliko Misumari alivyomkumbuka, au pengine kochi ndilo lililokuwa kubwa.

"Shikamoo, baba."

Kukapita muda ambao Randa, seremala wa fremu, aliutumia kuchunguza kucha zake.

"Marahaba," alisema mzee. Kisha akamgeukia dada yake. "Miwani umepata?"

"Nimepata."

"Inaona?"

"Inaona. Inakuona na wewe ulivyo."

"Mimi ndiye muuaji," Randa alisema, hakuweza kuvumilia zaidi. "Misumari, dada yangu, nihukumu. Niliuliwa na kile kikombe. Mzee jana kazima pale mwanamke anakwenda kuchota maji, eti imetosha. Nani analala namna hiyo?"

"Haijafa," alisema Misumari. "Inataka neno la siri. Baba, niazime."

Mzee hakumpa. Alisogea tu pembeni kidogo, springi zikalia, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Misumari akakaa. Tableti ikawa katikati yao, goti lake na goti la baba yake yakiibeba kwa pamoja. Akaanza kuandika. Ufa ulipita juu ya herufi za chini, na alipofika kwenye M kioo kikagoma. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu.

"Hapo usitumie nyama ya kidole," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Tumia ukucha, halafu ubavuni."

Akatumia ukucha, ubavuni. M ikatokea. Akawa bado anajiuliza mzee amejuaje tabia ya kioo, Randa akainama juu ya mabega yao.

"Aa, inaonyesha kila unachoandika! Baba... Baba m... Baba mkai..."

Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa. Shangazi alijiziba mdomo kwa kitenge. Misumari alihisi masikio yakiwaka moto.

Mzee Sponji aliitazama skrini, akaisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho.

"Mkaidi umeanza kwa herufi kubwa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Hawakubali bila herufi kubwa."

"Hm." Mzee alifikiri. "Basi na iwe kubwa. Kama ni ukaidi usiwe wa kubahatisha."

Randa ndiye aliyeanza kucheka, shangazi akafuata, na Misumari akaona kona ya mdomo wa baba yake ikitetemeka, ikapambana, ikashindwa. Akamalizia tarakimu. Kitabu kikafunguka, kipembetatu kikakaa pale katikati kikisubiri. Randa akanyoosha kidole.

"Usiguse!" alisema mzee. "Yeye yuko mbele. Irudi nyuma kwanza."

"Mbele ya nani?" Randa aliuliza. "Redio ina mbele na nyuma?"

"Randa, hii siyo redio."

"Ni nini?"

"Ni kitabu. Cha mwanangu."

Randa alimtazama shangazi, shangazi akamtazama Randa. "Na mtangazaji?" aliuliza shangazi. "Nimemwombea afya yule kijana kila siku!"

"Dua haiharibiki. Endelea kumwombea."

"Ulijua tangu lini, baba?" Misumari aliuliza.

Mzee alichomoa uzi kwenye suruali, akauviringisha kati ya vidole. Alikuwa mtu wa kujibu mikono yake ikiwa na kazi.

"Siku za mwanzo tu. Niliiwasha asubuhi, ikaandika maneno. Hawa hawasomi, wanabonyeza. Mimi nikavaa miwani, nikasoma. Inasema kinasikilizwa kwenye kifaa kingine, niendelee hapa? Nikajiuliza hicho kifaa kingine cha nani. Nikaona kinaanza saa watu wanapofungua kazi, kinaacha saa ya chakula. Nikajua. Basi kila asubuhi naijaribu. Ikiniuliza niendelee hapa, nabonyeza hapana." Akauviringisha uzi tena. "Ikishaniuliza, najua umefika kazini salama. Naanza kazi yangu."

Misumari akafuta vumbi la sponji kwenye kioo.

"Leo haikuniuliza," alisema mzee. "Randa kabonyeza ndiyo, sawa, nimemsema. Lakini baadaye ikafunga kabisa. Nikasema, mtoto kaujua mlango, kaufunga."

"Sikujua ni wewe! Nilidhani ni mwizi."

"Mwizi gani anakuachia asubuhi zote?"

"Nilisema hivyo hivyo. Nilisema huyu mwizi ana adabu."

"Umesikia?" mzee alimwambia dada yake. "Nina adabu."

Misumari akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Baba, lile neno langu la siku ile. La makalio."

"Lilikuwa neno zuri."

"Baba!"

"Zuri sana. Nilitaka kucheka, uso ukakataa kwa sababu ulikuwa umeshakasirika. Nikashindwa kuurudisha. Siku zikapita, uso ukaganda hivyo hivyo."

Shangazi alisema anakwenda kuchemsha chai, akabaki palepale.

Misumari alianza kurudisha kitabu nyuma. "Uliishia wapi?"

"Wapi? Sijui hata niseme nini. Kurudisha nyuma siwezi, kwa hiyo kila mchana naanzia ulipoachia wewe. Vipande vyako vya asubuhi sijavisikia. Kitabu changu kina matundu."

"Matundu nayaziba mimi," Randa alijitetea. "Mchimbaji alipopotea katikati, nikawaeleza kwamba alifungwa jela kwa kuiba ng'ombe."

"Alikwenda kumuuguza mama yake!"

"Mama yake? Sisi tumemchukia mpaka leo!"

"Tulimnyima hata salamu," shangazi alisema kwa masikitiko.

Ikabidi wapatane. Kitabu hakingeweza kuongea sehemu mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetaka tena kusikia hadithi yenye matundu. Misumari akapendekeza waanze mwanzo kabisa, wote, na washike zamu. Mzee alikuwa anasikiliza akiitazama tableti, siyo yeye.

"Nipe asubuhi," alisema. "Mchana vumbi ni jingi, kelele za wateja. Asubuhi nitasikiliza, nitakuachia mchana."

"Chukua asubuhi, baba. Halafu nitakufundisha kurudisha nyuma, tusipishane."

"Sawa." Uzi ulikuwa umekwisha kuwa kidonge kidogo kati ya vidole vyake. "Sasa ukiniachia asubuhi, haitaniuliza kitu. Nitajuaje umefika?"

"Nitakupigia simu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Usije ukaanza halafu ukaacha."

"Sitaacha, baba."

Kesho yake Misumari alifika dukani, akafungua mlango wa nyuma, akatundika mkoba kwenye ndoano. Kabla ya kugusa jiwe la kusagia alipiga. Simu haikuita sana.

"Nimefika, baba."

"Nimesikia."

Kisha wakawa hawana la kusema, wote wawili, maana walikuwa wamekosa mazoezi. Nyuma ya mzee Misumari alisikia stepla ikigonga, shangazi akimfukuza paka, na Randa akiburuta kitu kizito sakafuni.

"Basi, baba, bonyeza. Wenzako wanasubiri."

"Bado. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Na hilo jiwe lenu, haliwezi kukukata vidole?"

"Haliwezi. Lina maji, linazunguka taratibu. Nikuelezee?"

"Nielezee."

Akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza: jinsi lenzi inavyokuja ya mviringo, jinsi inavyochongwa ifuate fremu, jinsi inavyosikika kwenye vidole inapokaribia kukaa sawa.

"Mzee!" Randa aliita kutoka mbali. "Si useme naye baadaye? Tuwashie kitabu!"

"Ngoja wewe," alisema Mzee Sponji. "Naongea na mwanangu."